Mwongozo Kamili: Kuzuia Vitu Vilivyokatazwa Visiingie Bomba la Majitaka la Umma, na Kujenga Mtego wa Mafuta Unaofanya Kazi

Wenye migahawa, hoteli, baa na majiko ya kupikia shughuli hapa Dar es Salaam wanakwama mahali pale pale. Chemba inafurika, anaitwa mzibuaji, wiki tatu baadaye inafurika tena. Wengine wamejenga mtego wa mafuta kabisa, yaani chemba ya kutuliza maji ya jikoni ili mafuta yapande juu na kukamatwa, na bado chemba inatapika barabarani. Mara nyingi mtego umejengwa mdogo, au umeunganishwa na choo, au tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) imeng'olewa, au haukujazwa maji baada ya kusafishwa. Mwongozo huu unaanza na vitu visivyoruhusiwa kuingia, kisha unaenda jiwe kwa jiwe hadi mtego uliokamilika na ratiba ya kuutunza.

Kanuni ya kushika ni hii: bomba la umma ni la maji ya choo, ya kuoga, ya kufulia na ya kuoshea vyombo. Kitu kingine chochote kinatakiwa kukamatwa ndani ya uwanja wako, kabla ya chemba yako ya mwisho. Kikishapita hapo huwezi kukirudisha.

## Vifaa vya kuandaa

Orodha hii ni ya mtego wa lita 600, unaotosha mgahawa wa kati. Namna ya kujua ukubwa unaokufaa iko hatua ya 2, kwa hiyo usiende dukani kabla ya kuisoma.

- Tofali za bloku za inchi 6: 55
- Saruji: mifuko 5 ya kilo 50
- Mchanga safi usio na chumvi, na kokoto ndogo
- Nondo za mm 10 za mifuniko, pamoja na waya wa kufungia
- Dawa ya kuzuia maji ya kuchanganya kwenye plasta
- Bomba la PVC la inchi 4, la majitaka
- Tii 2 za inchi 4, na gundi ya PVC
- Vichujio vya chuma vya tundu la sinki, kimoja kwa kila tundu
- Madumu ya lita 20 yenye mifuniko, kwa mafuta yaliyotumika
- Mpira wa maji unaopitisha mwanga, inchi 1, urefu mita 1.5
- Glavu ndefu za mpira, buti, pima maji, futi

Mchanga wa pwani usiutumie. Chumvi yake inakula nondo za mfuniko, na mfuniko uliooza ni mtego wa mtu, si wa mafuta.

## Kwanza jua maji yako yanaishia wapi

Sehemu kubwa ya jiji haina bomba la majitaka la umma. Nyumba nyingi zinatumia karo na shimo, na gari la kunyonya linapeleka uchafu kwenye mabwawa kama ya Vingunguti. Mtandao wa DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam, uko zaidi katikati ya jiji, Kariakoo, Upanga, Ilala na maeneo mengine machache, na baadhi ya mitaa imeunganishwa kwa mabomba madogo yanayopita kati ya nyumba.

Angalia bili yako ya maji. Ukiona mstari wa tozo ya majitaka, kuna uwezekano mkubwa umeunganishwa. Kisha thibitisha kwa macho: mwaga ndoo mbili za maji yenye rangi ya chakula kwenye choo, fungua chemba yako ya mwisho karibu na ukuta, uone rangi inaelekea upande gani. Ikienda barabarani uko kwenye mtandao. Ikiishia shimoni kwako, mtego bado unakufaa, kwa sababu mafuta huziba udongo unaonyonya maji na shimo hujaa mapema.

Ukifungua chemba, fungua tu. Usiingie ndani, hata kwa nusu dakika, hata kumfuata aliyeanguka. Ndani kuna gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu anadhani gesi imeisha kumbe imezidi. Nzito kuliko hewa, hutulia chini. Watu hufa wawili watatu mfululizo, kila mmoja akimwokoa aliyetangulia. Sigara na moto pia viwe mbali, maana kuna methani.

## Vilivyokatazwa, na kwa nini

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 inalinda miundombinu ya majitaka, na mwenye biashara inayotoa majitaka tofauti na ya nyumbani anatakiwa kupata kibali cha mamlaka ya maji kabla ya kuyaachia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na chombo cha taifa cha mazingira, inamkamata anayeyaachia mtoni au baharini. Lakini hata kama hakuna afisa anayepita mtaani kwako, bomba lenyewe lina hukumu yake.

Mafuta na grisi. Huyu ndiye mkosaji mkuu wa jiji hili. Mafuta ya ng'ombe kutoka kwenye supu na makongoro, mafuta ya mawese yaliyokaangia chipsi, tui la nazi: yote yanatoka sinkini yakiwa maji kwa sababu maji ya kuoshea yana joto. Yakipoa ndani ya bomba yanashika ukuta. Kisha yanaungana na chokaa iliyomo kwenye maji na kwenye zege la chemba, yanageuka kuwa kitu kigumu cheupe kama sabuni ya mche. Maji ya moto hayakiyeyushi tena.

Yakifika kwenye mabwawa madhara ni mengine. Mabwawa yetu husafisha kwa bakteria, mwani na mwanga wa jua. Utando wa mafuta juu ya bwawa huzuia mwanga na hewa, mwani hufa, na maji hutoka machafu kuelekea bonde la Msimbazi. Lita 1 ya mafuta ya kupikia huhitaji zaidi ya kilo 2 za oksijeni ili ioze kabisa.

Vitu vigumu. Mabaki ya ugali na wali, mifupa, magamba ya samaki, majivu, mchanga wa kusugulia masufuria, magunzi, vitambaa, nywele, pedi, pampasi, kondomu, mifuko. Waipsi zinazoandikwa kwamba zinaweza kutupwa chooni nazo zimo: karatasi ya chooni hulegea ndani ya dakika chache, waipsi haichaniki. Wali una hila yake, huvimba bombani na kushikamana na mafuta kama saruji na kokoto.

Maji ya mvua. Wengi hawajui kwamba hili ni kosa. Bomba la majitaka na mfereji wa mvua ni njia mbili tofauti. Ukiunganisha bomba la paa au ukafungua chemba ili uwanja ukauke wakati wa masika, unaingiza maji mara nyingi zaidi ya uwezo wa bomba, na kinyesi kinatokea sebuleni kwa jirani aliye chini ya mteremko. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 50 linatoa lita 10,000.

Kemikali na vimiminika vya hatari. Petroli, dizeli, thina, oili chafu, asidi ya betri, rangi, dawa za wadudu, dawa za hospitali, maji ya kusafishia picha za eksirei. Baadhi hulipuka, baadhi hula bomba, na karibu zote huua bakteria wa bwawani. Klorini ya kufulia kwa kipimo cha kawaida cha nyumbani haina shida. Kumwaga dumu zima kwa mara moja ni jambo jingine.

Maji ya moto sana. Maji ya kuchemshia mihogo au kusafishia mashine ya mvuke yapoe kwanza. Yakiwa ya moto hulainisha viungo vya PVC na, kwa mgahawa, hubeba mafuta moja kwa moja kuvuka mtego.

## Hatua ya 1: Punguza jikoni kabla ya kujenga

Mtego unaopokea kila kitu hujaa kwa siku nne. Kwa hiyo anza na meza ya vyombo.

Futa sahani na sufuria kwa kijiko cha mpira au karatasi ndani ya ndoo ya mabaki kabla hazijagusa maji. Weka kichujio kwenye kila tundu la sinki, na kifungwe kwa skrubu, maana kichujio kilicholegea huondolewa siku ya kwanza maji yanapochelewa kushuka. Mafuta ya karai yapoe, yachujwe, yaingie dumuni. Wako wanunuzi wa mafuta yaliyotumika kwa ajili ya sabuni. Hakikisha anayechukua hayarudishi kwenye chakula.

Ukifanikiwa utaona hivi: maji ya suuza ya kwanza yanatoka na rangi ya chai ya maziwa, si ya mchuzi.

## Hatua ya 2: Pima ukubwa

Usijenge kwa kukisia. Kinachohitajika ni maji ya jikoni katika saa moja yenye kazi nyingi kuliko zote, ambayo kwa mgahawa wa mchana huwa saa nane hadi saa tisa.

Kama maji yanatoka moja kwa moja kwenye bomba, soma dira saa nane, soma tena saa tisa. Kama yanatoka kwenye tangi, ambayo ndiyo hali ya wengi kwa sababu ya mgao, funga maji yanayoingia kwa saa hiyo na upime kimo kilichoshuka. Tangi la lita 2,000 ambalo sehemu yake iliyonyooka ina kimo cha sentimita 160 lina lita 12.5 katika kila sentimita. Likishuka sentimita 96, umetumia lita 1,200.

Lita 1,200 kwa saa ni lita 20 kwa dakika. Maji yanahitaji kutulia takribani dakika 30 ili mafuta yapande juu na uchafu ushuke chini. Basi:

lita 20 × dakika 30 = lita 600

Ukipata chini ya lita 300, jenga wa lita 300 hata hivyo. Sinki mbili zikifunguliwa kwa pamoja hupiga mtego mdogo kwa kishindo, na mafuta hayapati nafasi ya kupanda. Vile visanduku vya plastiki vya chini ya sinki vinafaa kibanda chenye sinki moja, kwa sharti kwamba visafishwe karibu kila siku. Kwa mgahawa ni kujidanganya.

## Hatua ya 3: Chagua mahali

Nje ya jiko, mita 3 hadi 6 kutoka sinki. Karibu zaidi, maji yanafika yakiwa bado ya moto na mafuta hayagandi. Mbali zaidi, mafuta yanaganda ndani ya bomba kabla ya kufika.

Mpira wa gari la kunyonya uweze kufika. Gari lisipite juu yake. Na choo kisiunganishwe hapo kwa namna yoyote: maji ya choo yanaingia chemba iliyo baada ya mtego. Kinyesi ndani ya mtego huchemka kwa gesi, povu hulivuruga tabaka la mafuta na kulisukuma nje. Kosa hili moja ndilo huharibu mitego mingi iliyojengwa vizuri.

Maeneo ya chini kama Msasani au kando ya Jangwani, maji ya ardhini yako juu. Chimba wakati wa kiangazi, na usiache mtego mtupu kipindi cha masika, maana maji ya chini huusukuma na kupasua jamvi, yaani sakafu yake ya zege.

## Hatua ya 4: Chimba na umwage jamvi

Vipimo vya ndani vya mtego wa lita 600: urefu sentimita 125, upana sentimita 60, kina cha maji sentimita 85.

Shimo liwe na kina cha sentimita 120, ikiwa bomba la jikoni linafika mahali hapo likiwa sentimita 20 chini ya ardhi. Bomba likiwa chini zaidi, ongeza kina kwa tofauti hiyo hiyo. Shindilia udongo, mwaga jamvi la zege la sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), liwe sentimita 175 kwa 110. Lilowekwe maji siku 3 kabla ya kupandisha ukuta.

## Hatua ya 5: Pandisha kuta na kizuizi cha kati

Kozi 5 (mistari mitano) za tofali zinafikia sentimita 120, yaani sentimita 10 juu ya ardhi. Usikubali fundi akulaze mfuniko sawa na uwanja. Mvua ya kwanza itaingia yote.

Kizuizi cha kati ndicho roho ya mtego, na ndicho mafundi hukiruka. Kinagawa mtego kuwa vyumba viwili: cha kwanza sentimita 80, cha pili sentimita 40. Kinajengwa kwa sehemu mbili zenye nafasi wazi katikati, kuanzia chini:

1. Chini, kozi moja ya tofali kutoka ukuta hadi ukuta, kimo sentimita 23. Hii inazuia matope yasihamie chumba cha pili.
2. Juu yake acha nafasi wazi ya sentimita 20. Hapa ndipo maji yanapopita.
3. Kisha slabu ya zege ya sentimita 70 kwa 52, unene 5, yenye wavu wa chuma ndani, imechomekwa kwenye mifereji ya sentimita 5 iliyoachwa kwenye kuta mbili za pembeni. Inaanzia sentimita 43 kutoka jamvini na kuishia sentimita 95, hivyo inapita juu ya maji kwa sentimita 10.

Slabu isiguse mfuniko. Juu yake hewa ipite.

Maji yanayotoka katikati ya kina ndiyo masafi kuliko yote, kwa kuwa mafuta yako juu na matope yako chini. Ndiyo maana njia iko katikati. Fundi akikuambia tundu la juu linatosha, mwambie hapana.

## Hatua ya 6: Weka mabomba na tii

Bomba la kuingia lisimame sentimita 91 kutoka jamvini, la kutokea sentimita 85. Vipimo hivi ni vya sakafu ya ndani ya bomba, si katikati yake. Tofauti hiyo ya sentimita 6 inazuia maji yasirudi sinkini. Ikiwa bomba la kutokea limepanda juu kuliko la kuingia, hata kwa sentimita moja, jiko litanuka siku zote.

Kila bomba liishie kwenye tii iliyosimama wima:

- Tii ya kuingia: mguu wa chini uzame sentimita 25 ndani ya maji, ili maji yaingie kwa utulivu bila kuchapa tabaka la mafuta.
- Tii ya kutokea: mguu wa chini ushuke hadi sentimita 30 kutoka jamvini.
- Midomo ya juu ya tii zote mbili iachwe wazi. Hapo ndipo hewa inapopita na ndipo utapitishia waya wa kuzibulia.

Usitumie elbo badala ya tii. Elbo haina mdomo wa juu. Hunyonya maji kama mpira wa kuibia mafuta kwenye tangi la gari, na siku moja utakuta mtego umejimwaga nusu.

Mteremko wa bomba la inchi 4 uwe sentimita 2.5 kwa kila mita. Mkali mno, maji hukimbia na kuacha mafuta nyuma.

## Hatua ya 7: Plasta, niru na jaribio la kuvuja

Plasta ya ndani uwiano wa 1:3 (saruji kwa mchanga) pamoja na dawa ya kuzuia maji, unene sentimita 2, kisha niru, yaani uji wa saruji wa kulainisha uso. Pembe zote zizungushwe kwa mwiko, zisibaki kali. Kwenye pembe kali ndipo ufa huanza. Zungushia plasta pia mahali bomba linapopenya ukuta, na ukwaruze PVC kwa msasa kwanza ili saruji ishike.

Baada ya siku 7 jaza maji hadi yaanze kutoka upande wa pili. Siku ya kwanza ukuta utakunywa maji, hiyo ni kawaida. Jazia tena, weka alama ya penseli, funika, subiri saa 24. Yakishuka chini ya sentimita 1, mtego umefaulu. Yakishuka zaidi, tafuta alama ya unyevu kuzunguka mabomba kabla ya kulaumu kuta.

## Hatua ya 8: Mifuniko

Vipande 4 vya zege, kila kimoja sentimita 90 kwa 38, unene 7.5, chenye nondo za mm 10 na vishikio viwili vya nondo. Kimoja kinakaribia kilo 62, kazi ya watu wawili. Mfuniko mmoja mkubwa ungekaribia kilo 250, na kitu kisichofunguka hakisafishwi.

## Hatua ya 9: Anza kuutumia

Jaza maji safi kwanza. Mtego mtupu haukamati chochote: maji ya kwanza yanaanguka chini, yanachanganyika, na mafuta yanatoka yote hadi mtego ujae. Baada ya kila usafishaji, jaza tena kabla jiko halijafunguliwa.

## Kuutunza, wiki kwa wiki

Kipimo ni robo. Tabaka la mafuta juu na la matope chini zikijumlishwa zikafika robo ya kina cha maji, safisha. Kwa kina cha sentimita 85 hiyo ni sentimita 21.

Chukua mpira unaopitisha mwanga. Uteremshe polepole wima hadi uguse jamvi, bana mdomo wa juu kwa kidole gumba, uinue. Ndani yake utaona mtego mzima umesimama: juu ukoko wa rangi ya siagi, katikati maji ya kijivu, chini matope meusi yenye punje za wali. Pima tabaka la juu na la chini kwa futi, andika kwenye daftari lililotundikwa jikoni.

Mwezi wa kwanza pima kila wiki. Tuseme Jumatatu ya kwanza unapata sentimita 6, ya pili 11, ya tatu 17. Unajua wiki ya nne itavuka 21, basi gari liitwe kila baada ya wiki tatu na nusu. Ratiba yako itoke kwenye daftari, isitoke kwa dereva wa gari wala kwa jirani.

Gari linyonye kila kitu, maji na matope, si ukoko wa juu tu. Mtego mdogo unaweza kuusafisha mwenyewe kutoka nje: chota ukoko, uchanganye na maranda ya mbao au majivu baridi hadi ukauke, ingiza kwenye mfuko wa salfeti uliowekewa nailoni ndani, uende na taka ngumu. Kumwaga ukoko huo kwenye chemba ya barabarani ni kuirudisha kazi yote mwanzo, na ni kosa. Muulize mwenye gari anamwaga wapi. Bei ya chini isiyo na jibu maana yake mara nyingi ni mto.

## Yanayoharibika, na sababu zake

Mtego unanuka hadi mezani. Matope yamezidi, au trapu ya sinki (kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu) imekauka kwa kutotumika. Mwaga maji kwenye kila tundu, kisha pima matope.

Chemba ya baada ya mtego ina ngozi nyeupe. Mafuta yanapita. Angalia kwa mpangilio huu: tii ya kutokea ipo? Maji ya moto yanamwagwa? Mtego umefika robo? Kuna choo kimeunganishwa? Kwa kawaida jibu liko kwenye mawili ya kwanza.

Sinki linashuka taratibu ingawa mtego ni msafi. Mafuta yameganda kati ya sinki na mtego. Pitisha waya kutoka mdomo wa juu wa tii kurudi sinkini.

Umeshauriwa kumwaga kostiki soda au asidi. Usimwage. Soda hugeuza mafuta kuwa sabuni laini inayosafiri mita kadhaa na kuganda upya chini ya barabara, mahali usipofika. Asidi hula zege. Na asidi ikikutana na klorini hutoa gesi inayochoma mapafu ya aliyeinama sinkini. Dawa za kuyeyusha grisi zenye sabuni kali zina kasoro hiyo hiyo ya kusukuma mafuta mbele.

## Kama biashara yako si jiko

Gereji na sehemu za kuoshea magari: mtego wa mchanga kwanza, kisha mtego wa mafuta ya mashine wa namna hii hii, mbali na maji ya choo. Oili chafu iende kwenye pipa lenye mfuniko, chini ya paa. Betri hazifunguliwi uwanjani.

Saluni: wavu mwembamba kwenye tundu, utolewe nywele kila jioni. Dobi: chujio la nyuzi, na maji ya moto yapoe kwenye chemba kabla ya kutoka. Wachinjaji na wauza kuku: damu ikusanywe chomboni, isipite sinkini, inaoza haraka na kula oksijeni kuliko karibu uchafu wowote wa jikoni. Zahanati: sindano, dawa zilizoisha muda na vimiminika vya maabara vina utaratibu wake wa taka hatarishi, na sinki si sehemu ya utaratibu huo.

Kiwanda, hata kidogo cha batiki au sabuni, kisianze kwa kuchimba. Kianze kwa kupima maji yake maabara na kuomba kibali. Kiwango cha taifa TZS 860 kwa majitaka yanayoingia mtoni au baharini kinaweka BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuozesha uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita na COD (oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu kwa kemikali) isizidi 60. Kwa yanayoingia bomba la umma, masharti yako yataandikwa kwenye kibali chenyewe.

## Chemba ya barabarani ikifurika

Funga maji jikoni kwanza. Fungua chemba yako ya mwisho. Ikiwa imejaa wakati ya barabarani inapitisha maji kawaida, kizuizi kiko upande wako. Ikiwa imejaa sawa na ya barabarani, kizuizi kiko kwenye bomba la umma, na hiyo ni kazi ya DAWASA: piga namba ya bure iliyo kwenye bili, taja mtaa na jengo lililo karibu, ubaki na namba ya taarifa. Usivunje mfuniko wa umma wala kuelekeza maji kwenye mfereji wa mvua. Tenga watoto, mwagia chokaa au majivu mahali yalipopita, na usifungue jiko hadi maji yateremke kwenye chemba yako na kusimama chini ya mdomo wa bomba.